Mwaka mzima kwenye kanisa la wamishenari wa Kimarekani huku Ireland: chai mbaya, mama mzuri

Nianze na chai. Chai ya hili kanisa ni mbaya, yani mbaya kabisa, maji vuguvugu kwenye kikombe cha karatasi halafu unapewa kile kijifuko cha majani uchovye mwenyewe kama unapima joto la mtoto, na hii ni Ireland jamani, nchi ambayo ukiingia kwa mtu kabla hujavua koti birika limeshawekwa, watu wanabishana majani ya Barry's na ya Lyons vile sisi tunabishana timu za Gor na Ingwe. Wamarekani ni watu wa kahawa sawa tunawaelewa, lakini kama umevuka bahari kuja kuwahubiria Waairishi na chai imekushinda basi umeanza na deni.

Sasa kwa wale hawanijui, mimi ni Mkamba wa Kitui, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kaunti ya Mayo, huku magharibi ambako mvua haiulizi ni mwezi gani. Mji sitautaja wala jina la kanisa, mji wenyewe ukitaja jina umetaja watu wote. Kanisa ni la mtu na mke wake, Wamarekani, Kibaptisti hivi ingawa ubaoni wameandika tu kanisa la jamii, wako mwaka wa sita, watoto watatu, wanakodi ukumbi wa kijiji kila Jumapili saa tano asubuhi, yani Jumamosi usiku hapo watu wanacheza bingo halafu kesho yake mnaokota vile vikaratasi chini ya viti mkingoja ibada. Wakenya wenzangu wa huku wamekuwa wakiniuliza inboksi kila wiki kama ni pazuri pa kusali, nikaona wacha niandike mara moja niachane na hiyo kazi.

Lakini kwanza mjue nimetoka wapi ndio muelewe mbona nilicheka. Nyanya yangu mzaa baba ni AIC damu, yani Africa Inland Church, wale wa ile misheni ya Peter Cameron Scott aliyeshuka Mombasa 1895 na kikundi chake kutoka Marekani, akapanda mpaka Nzaui huko kwetu Ukambani, akafa mwaka uliofuata hata hajazoea jua. Mama yangu naye Mkatoliki, na Ukatoliki wa Kitui ni wa Ireland, mapadri wa Kiltegan ndio walijenga, askofu wa kwanza William Dunne alikuwa Mwairishi na alikaa kutoka 1964 mpaka 1995, kuna wazee Kitui wakisema "askofu" mpaka leo wanamaanisha yeye. Kwa hivyo mimi nimekua nikijua mapadri wanatoka Ireland vile mchele unatoka Mwea. Halafu nafika huku nakuta ndugu zao wale wa nyanya, Wamarekani na Biblia zao za ngozi na gita, ndio wamekuja kuwaokoa wale waliokuja kumbatiza mama yangu. Weh! Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka dereva akaniangalia kwa kioo.

Mwanzo nilikuwa naenda parokia kama kawaida. Misa dakika thelathini na tano umemaliza, hakuna kwaya, hakuna kupiga makofi, watu wamejazana viti vya nyuma mbele pako wazi kama kuna maji yamemwagika, na wengine wanachukua komunyo wakipitiliza moja kwa moja hadi parking. Padri ni Mhindi wa Kerala, mpole sana, anahudumia makanisa matatu peke yake maana vijana wa kwao hawaendi tena seminari, wale waliotutumia sisi mapadri sasa ndio wanatumiwa. Nilienda miezi minne na mtu wa kwanza kuniuliza jina langu alikuwa Mfilipino mwenzangu wa kazini.

Mama mchungaji nilimpata stendi ya basi. Basi halikuja, si mnajua basi za vijijini huku, mvua inanipiga ya kando, akasimamisha gari akaniuliza naenda wapi, akanipeleka mpaka mlangoni kazini na kesho yake akaja tena, wiki tatu mzima, na hakuna siku alitaja Yesu wala kanisa. Mimi ndio nikamuuliza nyinyi ni watu wa nini. Nawaambia hii mapema kwa sababu mbele nitawasema, na sitaki mtu aseme sina shukrani.

Ibada yenyewe sasa. Nyimbo nne kwa projekta, gita anapiga kijana wa Brazil na anapiga vizuri sana, hapo hakuna shida. Halafu mchungaji. Mchungaji ni mtu msomi na ni mtu wa Warumi, mstari kwa mstari, nilimkuta sura ya tatu na baada ya miezi nane tulikuwa sura ya tano, dakika hamsini kila Jumapili bila kukosa, na mifano yake ni ya ule mpira wa Kimarekani wa kushika na mkono ambao humo ndani hakuna anayeujua isipokuwa watoto wake. Nyanya yangu angemsifu, angesema huyu ndiye anahubiri neno. Mimi nikitoka shifti ya usiku niliwahi kulala mpaka nikakoroma, nikaamshwa na mtoto wake wa mwisho akinipa peremende.

Halafu angalia nani wako kwenye viti. Siku nzuri tunafika thelathini na tano hivi. Wabrazili ndio wengi, Wanigeria, Waukraine, Mwafrika Kusini mmoja na familia, sisi Wakenya wawili, na Waairishi wanne, na kati ya hao wanne mmoja ameletwa na mke wake Mbrazili na huwa anaangalia saa. Wabrazili huku magharibi si wageni wa jana, pale Gort kaunti ya Galway walianza kuja miaka ya tisini kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama na wakaja na ulokole wao kamili, kwa hivyo hao hawakuokolewa na Mmarekani yeyote, walishuka na ndege wameshaokoka. Mimi mchungaji akisema "kanisa tulilopanda" huwa naona ile sukuma wiki watu wanapanda kwenye debe kwenye balkoni za mtaa wa Umoja, Nairobi. Inamea, unachuma, unakula, si uongo. Lakini udongo wa mtaa haijaugusa.

Na sababu ya kutougusa ndio nataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu watu wanadhani ni mambo ya dhambi na anasa, eti Wazungu wameacha Mungu. Si hivyo, ama si hivyo tu.

Mchungaji msimu wa kwanza wa baridi (hii nimehadithiwa, sikuwepo) aliweka mabango mji mzima: supu ya bure kila Jumatano jioni, karibuni nyote. Moyo safi kabisa, kwao Marekani kanisa likipika supu watu wanajaa. Hakuna Mwairishi hata mmoja aliyefika, hata wa kuchungulia. Mimi nilikuja kuelewa mwaka jana kazini, kuna mzee mmoja namhudumia, miaka tisini na kitu, nilipomwambia Jumapili nasali kwa Wamarekani akanishika mkono akanikazia macho akasema, binti yangu, usinywe supu. Nikafikiri ni dawa zinaongea. Kumbe!

Wakati wa njaa kubwa ya viazi, 1845 mpaka 1852, watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakaenda, na katikati ya hiyo njaa kulikuwa na wamishenari wa Kiprotestanti waliofungua shule na majiko ya supu, na hadithi iliyobaki ni kwamba ukitaka supu unaacha Ukatoliki wako mlangoni. Waprotestanti wengi waligawa chakula bila masharti, wanahistoria wamesema sana hilo, lakini nani anasikiliza mwanahistoria, neno limebaki. "Walikunywa supu." Mpaka leo kuna familia ikitajwa kijijini mtu anaongeza kwa sauti ya chini kwamba babu wa babu yao alikunywa supu. Miaka mia na sabini na ushee! Sasa wewe unakuja na bango la supu ya bure. Nilipomsimulia yule mzee habari ya bango alicheka mpaka nikamuongezea oksijeni.

Na kabla ya njaa kulikuwa na mambo mengine, Mprotestanti alikuwa ndiye mwenye shamba na Mkatoliki ndiye mpangaji kwenye ardhi ya babu zake, hata kuingia bunge Mkatoliki alikuwa haruhusiwi mpaka 1829. Jirani zetu Wakikuyu walikuwa na msemo wakati wa mkoloni kwamba hakuna tofauti ya mzungu na padri. Huku ni huohuo, umegeuzwa tu ndani nje: padri alikuwa wa maskini na mchungaji ndiye alikuwa mkoloni. Sisi tunaangalia ngozi zao tunaona wote wazungu, wao kwa wao wanajuana.

Basi supu ikafa ikageuzwa kuwa chai na keki, na ndio tukafika kwenye ile chai niliyowaambia.

Kuna siku ya safari ambayo ilinifungua macho zaidi. Mwezi wa sita walikodi basi dogo tukaenda kisiwa cha Achill, ni Mayo hiihii, unavuka daraja tu. Pazuri mno, milima imeingia baharini, kondoo wamepakwa rangi mgongoni. Chini ya mlima Slievemore ndipo Edward Nangle, mchungaji wa Kianglikana wa Ireland, alijenga koloni yake ya misheni miaka ya 1830, nyumba, shule, kituo cha yatima, mpaka mashine ya kuchapa gazeti, akagombana na askofu mkuu Mkatoliki MacHale wa Tuam miaka nenda miaka rudi. Kanisa lake bado limesimama. Mchungaji wetu alikuwa amefurahi kama mtoto, anatusomea kwenye simu, anasema ujasiri, anasema maono. Yule Mwairishi wetu mwenye mke Mbrazili hakushuka. Alibaki kando ya basi anavuta sigara ameupa mlima mgongo.

Mama mchungaji yeye alikuwa upande mwingine kabisa, kwa kaburi. Mke wa Nangle, Eliza, amezikwa pale na watoto wake waliokufa wachanga, na si mmoja si wawili. Alisimama pale muda mrefu na upepo ule. Nikamfuata nikiwa na mwavuli usiofaa kitu. Akaniambia, hakuna anayeandika mke alikuwa anafikiri nini. Sikuwa na la kujibu, nikamshika mkono tukarudi.

Kwa sababu ukweli ni huu, na mtu akiniuliza kuhusu hawa wanandoa wamishenari kwa ujumla nitamwambia hivihivi: angalia mke. Bwana ana jina, ana mimbari, ana Warumi. Mke ndiye aligundua vile hii nchi inaenda. Mwairishi mlango wake hautoki barabarani na karatasi ya wokovu, unatoka matangani. Kifo cha mtu huku ni jambo la mji mzima, redio ya huku Midwest inasoma matangazo ya vifo vilevile kama tunavyosikiliza kwetu kwa redio za kikwetu, na kuna tovuti nzima inaitwa rip.ie ambayo wazee wangu wanaifungua asubuhi kabla ya uji. Mtu akifa unaenda, hata kama mlijuana kwa kusalimiana tu, unapanga foleni, unashika mkono wa kila mfiwa unasema pole, unakunywa chai, unaondoka. Hiyo tu. Mama mchungaji alianza kwenda. Mwaka wa kwanza na wa pili akipeleka sandwichi za mayai na kusimama jikoni akiosha vikombe na wanawake wa parokia, hahubiri, haombi kwa sauti. Sasa anasalimiwa mpaka na mwenye duka la nyama ambaye mchungaji akimsalimia haitiki. Na jikoni kwa watu alijifunza kupika chai, chai ya kwake nyumbani ni nzuri nimeinywa, sema hiyo ya kanisani ni mchungaji ndiye anachemsha maji eti amsaidie.

Lakini hata huyo mama hajamtoa mtu parokiani, na sidhani atatoa. Shule za msingi karibu tisa kwa kumi bado ziko chini ya Kanisa Katoliki, mtoto akifika darasa la pili ni komunyo ya kwanza, gauni jeupe, jumba la kurukia linajazwa upepo nyuma ya nyumba, kila mjomba anatoa noti, sasa nani atamwambia mtoto wake wewe peke yako baki darasani uchore. Sheria ya 2018 imeondoa ile ya kuuliza cheti cha ubatizo kabla ya kumpa mtoto nafasi, sawa, lakini gauni je. Na makaburi ya familia yako pale nyuma ya kanisa.

Halafu wale ambao kweli wametoka hawatafuti kwingine. Sensa ya 2022 ilionyesha Wakatoliki asilimia 69, miaka sita nyuma walikuwa karibu 79, mchungaji hiyo namba anaipenda, anaitaja kama mavuno. Mimi nakaa na hawa watu mchana na usiku, nawabadilisha nguo, nawasikia. Walisoma ripoti ya 2009 ya yale yaliyofanywa watoto kwenye shule za mapadri na masista, na Tuam ni hapo tu kwenye barabara ya Galway, watoto 796 walifia kwenye yale makao ya akina mama kati ya 1925 na 1961 na makaburi yao hayakujulikana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumpa huyo mtu mchungaji mwingine, tena wa kutoka nje, mwenye tabasamu kubwa namna ile... ngumu. Na bado haohao wasioenda misa ukisema neno baya juu ya sista aliyewafundisha kusoma watakutoa nje.

Sasa lawama zangu mbili, nizitoe ziishe.

Ya kwanza ubatizo. Miezi mitatu tu nikaulizwa kama niko tayari kubatizwa, maji mengi, baharini, mwezi wa tano, Atlantiki! Nikasema nimeshabatizwa. Mchungaji akasema taratibu kwamba ule wa utotoni ni kuloweshwa tu. Nikamwambia mchungaji, mimi nilibatizwa Kitui na padri aliyetoka Kiltegan, kaunti ya Wicklow, kwa gari kutoka hapa ni saa tatu na ushee, alikaa kwetu miaka thelathini akaongea Kikamba kuliko watoto wa shangazi yangu wa Nairobi, na wewe una miaka sita hapa na bado jina la mji unalikosea. Nilikuwa nimekasirika. Baadaye niliomba msamaha wa sauti, si wa maneno. Tangu hapo siruhusiwi kupiga kura kwenye mkutano wa washirika, lakini kufagia naruhusiwa.

Ya pili picha. Hawa wamishenari hawalipwi mshahara na mtu mmoja, wanakusanya ahadi kwa makanisa madogomadogo ya kwao, huyu dola hamsini huyu mia, na kila mwezi wanatuma barua ya maombi yenye picha ili watu wasichoke kutoa. Siku moja Mnigeria mmoja wa kanisani ananionyesha kwa simu, naona uso wangu! Nimevaa kile kitenge cha Jamhuri, nacheka, na chini wameandika vile Mungu anavyogusa mioyo Ireland. Ireland ipi? Mimi nimetoka Kitui mahali watoto wote tumewahi kupigwa picha na wageni tukapewa biskuti, nikapanda ndege mbili, nikalipa kibali, nikafika Ulaya, nikapigwa picha ya misheni tena. Huku huku! Nililia kidogo halafu nikacheka. Mama mchungaji alikuja nyumbani siku hiyohiyo, hakujitetea, akasema bila picha yenye watu wengi ahadi mbili zingekatwa na Waairishi wanne hawajai kwenye picha. Nilimhurumia, lakini nikamwambia afute, akafuta.

Kwa hivyo niwape jibu nyinyi mnaouliza. Kama una watoto nenda, darasa la watoto ni nyota tano, wanafundishwa kweli, wanapendwa, hawawekwi tu kwenye katuni. Kama umefika juzi na huna gari nenda, Jumanne kuna Kiingereza cha bure kwa Waukraine na yeyote, na mama anawasomesha watu ule mtihani wa nadharia ya udereva, mimi nimepita kwa mara ya kwanza kwa ajili yake. Mahubiri nyota mbili na nusu, hiyo nusu ni ya nyanya. Chai nyota moja kwa sababu haiwezekani kutoa sifuri. Kama unatafuta kusali na Waairishi wenyewe, hapana, rudi parokiani, kaa kiti cha mbele uone watakavyoshtuka, na siku kukiwa na matanga nenda kapange foleni.

Mimi bado naenda huku na huku. Jumamosi jioni misa kwa yule padri wa Kerala, Jumapili kwa Wamarekani.

Kuanzia mwezi wa kumi na moja familia ya mchungaji inarudi Marekani miezi sita, kuzunguka kwa wafadhili na kusimulia. Warumi itaendelea na kijana wa gita, kwa Kireno na mtu wa kutafsiri, na ufunguo wa ukumbi nimeachiwa mimi, Mkatoliki, ndio muone mambo. Birika nimeshanunua, kubwa, la kuchemshia majani na maziwa pamoja na tangawizi. Ukifika mapema zunguka mlango wa nyuma, wa mbele umevimba kwa mvua haufunguki.